Aliye Mdogo Atangulie Kusema

Siku yangu ya kwanza kazini niliulizwa swali ambalo sikuwa na haki ya kuulizwa. Nilikuwa nimevaa ovaroli iliyonipwaya, nimejificha nyuma ya mafundi sita katika karakana ya kampuni moja ya malori kule Temeke. Mbele yetu lori lilikuwa linanguruma, boneti iko wazi. Mimi nilijua kazi yangu siku hiyo ni kufagia na kushika tochi. Msimamizi wa Karakana, mtu wa pwani, mpole, kofia yake ya kitambaa haijawahi kuguswa na grisi, akatupitishia macho wote kisha akaishia kwangu. Aliniuliza jina. Nikasema Hamisi.

"Haya, Hamisi. Unasikia nini?"

Nilisikia moyo wangu tu. Nikababaika, nikasema nasikia kama kuna mtu anagonga bati huko ndani. Nikajikaza kungoja kicheko, lakini hakuna aliyecheka. Msimamizi akamgeukia yule aliyeajiriwa kabla yangu, naye akasema lake, kisha aliyemfuatia, hivyo hivyo mpaka zamu ikamfika Fundi Mkuu, mzee wa Iringa aliyekuwa na vidole vinene kama mihogo. Yeye alisema mwisho. Baada ya hapo ndipo spana ikaguswa.

Huo ndio ulikuwa utaratibu wa pale, na niliutumikia miaka mingi kabla sijaona thamani yake. Gari likiletwa na mlio, mafundi wote wanaacha kazi na kusogea. Aliye mdogo anatangulia kusema, mkubwa anamalizia. Ukisema upuuzi unasamehewa, ila ukisema "nakubaliana na mwenzangu" unarudishwa kusikiliza upya. Siku moja wakati wa chai nilimuuliza Msimamizi sababu yake, maana nyumbani kwetu mtoto kutangulia kusema mbele ya wakubwa ni utovu wa adabu. Alinijibu polepole, kama kawaida yake.

"Mkubwa akitangulia, wadogo hawaisikilizi tena injini. Wanamsikiliza mkubwa. Sasa mimi nitakuwa nawalipa mafundi saba, nina sikio moja."

Mlio wa injini, vijana wangu, ni kama maumivu ya mtoto mchanga: unajua yapo, hujui yako wapi. Chombo chetu kilikuwa bisibisi ndefu. Ncha unaiweka kwenye chuma, mpini unaubana kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, halafu unahama kidogo kidogo, silinda hadi silinda. Penye ugonjwa pana kelele kuliko pengine. Tapeti, yaani vile vyuma vidogo vinavyosukuma valvu, zikilegea utasikia ta-ta-ta nyepesi juu ya injini, kama cherehani. Konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, ikigonga inatoka chini, nzito, nawe unaisikia kwenye soli ya kiatu kabla ya sikio. Eksozi, lile bomba la moshi, ikipasuka inapuliza. Beringi iliyokauka grisi inalia kwa sauti nyembamba ya kuendelea, na hiyo ndiyo ya kuiogopa, kwa kuwa ni ya chini kwa ukali lakini ya juu kwa wembamba, na kelele nyingine zote zinaifunika.

Tulisikiliza injini ikiwa baridi, tukasikiliza ikiwa imepata moto. Tulisikiliza ikiwa sailensa, yaani gari limesimama na mguu haupo kwenye mafuta, kisha mtu akapiga resi nasi tukasikiliza tena. Vijana wa leo mnachomeka kompyuta chini ya usukani, inawapa namba ya ugonjwa. Siidharau. Lakini mashine hiyo inasoma vile vilivyounganishwa nayo kwa waya, na beringi haina waya.

Baadaye nilihamishiwa kituo cha kampuni ileile upande wa Mbezi Luis, wakati huo stendi kubwa ya mabasi haijajengwa. Malori ya bara yalipita kwetu kukaguliwa kabla ya kuishika barabara ya Morogoro. Mkuu wa Kituo alikuwa mama mmoja mke wa mchungaji, mwenye haraka ya ajabu. Alikuwa na swali moja kwa fundi: linaondoka au haliondoki? Maelezo hakuyataka. Ukisema linaondoka, anaandika jina lako pembeni ya namba ya gari na lori linatoka.

Pale ndipo hofu iliponiingia, na haijanitoka. Temeke nilikuwa mmoja kati ya saba, Mbezi tulikuwa wawili. Nikishasema "linaondoka", nasimama getini nikilitazama lori mpaka lipotee, halafu tumbo linaanza kunikata. Labda ile ta-ta-ta haikuwa tapeti. Labda nilikuwa na haraka. Kwenye mteremko gani itajulikana? Chakula hakipiti mpaka nipate habari kwamba limefika Dodoma, na enzi hizo simu hazikuwa mifukoni mwa watu, kwa hiyo kuna siku niliishi kwa chai tu. Mke wangu, Mama Rehema, alidhani nina vidonda vya tumbo, akawa ananichemshia uji wa ulezi. Nilipomweleza Mkuu wa Kituo kwamba nadhani kazi hii inanishinda, aliniangalia kwa mshangao. Akasema fundi asiyekuwa na hofu yeye hamtaki kwenye kituo chake, nirudi kazini.

Alikuwa na jambo moja ambalo sikuliona mahali pengine. Kwa kuwa mafundi tulikuwa wawili, dereva alihesabiwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote, hivyo yeye ndiye aliyetangulia: alitakiwa auigize mlio kwa mdomo wake kabla boneti haijafunguliwa. Nimewaona wanaume wa kilo mia moja wamesimama uwanjani wanasema chwi-chwi-chwi, wamekaza uso kama wapo msibani. Tulicheka sana, lakini ilitusaidia. Kwa miaka ile nilijifunza kusoma midomo ya madereva kuliko kitabu chochote. Nataka mlikumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililokuja kuniponza.

Kampuni ilipofungwa nilichukuliwa na gereji moja Kiwalani. Mwenyewe ni Bi. Salma, mwanamke wa familia ya Kiarabu iliyouza vipuri tangu enzi za babu yake. Alinipa cheo cha Fundi Mkuu na mafundi wawili chini yangu. Mmoja ni Kassim, mtu wa Rufiji, mkimya. Mwingine ni Neema, binti aliyetoka Mbeya na cheti chake cha ufundi, ambaye wateja walikuwa wakimpita mlangoni wakiuliza fundi yuko wapi.

Mwanzoni niliufuata utaratibu wa Temeke: Neema anaanza, Kassim anafuata, mimi namalizia. Lakini gereji ya mtaani siyo karakana ya kampuni. Hapa mteja amesimama pembeni, amekunja mikono, anataka aone utaalamu. Siku moja nilisema mimi kwanza, kwa sababu tu tulikuwa na haraka. Niliweka bisibisi, nikafumba macho, nikasema, "Silinda ya tatu, nozeli." Ikawa kweli: kipuri kinachopulizia mafuta kilikuwa kimeziba. Mteja akaenda kuhadithia. Wakaanza kuja wengine kutoka Tabata, kutoka Segerea, kutoka Mbagala, wanamuulizia Mzee Sikio. Jina likanikaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nililitia maji kwa ndoo. Mwaka haukuisha, Neema na Kassim wakawa wanasimama nyuma yangu kama mashahidi wa harusi, nami nasema peke yangu.

Masikio yalianza kuniaga wakati huohuo, na sikutaka kujua. Nyumbani Mama Rehema alikuwa akiniambia simu yako inalia, nami namwambia ameipunguza sauti mwenyewe. Birika la filimbi nikasema limeharibika. Sauti nzito nilizisikia vizuri, watu wakiongea niliwasikia, kwa hiyo nilijiambia kwamba mimi mzima. Zilizokuwa zimeondoka ni sauti nyembamba. Kila nilipoletewa gari lenye mlio mwembamba nilikuwa namwambia dereva auigize, kwa mzaha, eti ni desturi yangu ya zamani. Kisha naweka bisibisi, nafumba macho, na kutoa jibu nililolitoa mdomoni mwake. Injini yenyewe nilikuwa siisikii. Naandika bila kuficha: ndivyo ilivyokuwa, na iliendelea hivyo kwa karibu miaka miwili.

Asubuhi moja Bakari alikuja na basi dogo la shule moja ya chekechea ya Segerea. Bakari tulimfahamu, kijana mwangalifu, mwenye heshima kupita kiasi. Alikuwa njiani kwenda kuwachukua watoto awapeleke Kisarawe kuona shamba la ng'ombe, pamoja na walimu wao. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akaniambia gari inalia asubuhi ikiwa baridi. Nikamwambia aigize. Akafanya kama filimbi, nyembamba, halafu akacheka kwa aibu.

Fenibelti, nikawaza. Mkanda wa feni ukilegea unapiga filimbi hasa asubuhi, kila fundi anajua. Nikaweka bisibisi chini kwenye injini, penye sauti nzito, nikasikia mashine imetulia vizuri. Nikasema kwa sauti ya kusikika, "Injini nzima. Fenibelti hiyo." Ili kuhakikisha nikafanya kama tunavyofanya siku zote: nikamwagia mkanda maji kidogo injini ikiwaka, maana kama mlio ni wa mkanda, maji yanauzima kwa muda. Nikamuuliza Bakari, "Umekwisha?"

Bakari akaniangalia mimi, akaiangalia injini. "Umepungua, Mzee."

Nikaukaza mkanda, nikafunga boneti, nikampa ruhusa aende. Neema alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mikono, anatazama mbele ya injini pale pale boneti ilipofungwa, kama mtu aliyeacha kitu ndani. Nilimwona. Sikumuuliza.

Saa nne hivi muuza chai akapita. Kassim akachukua vitumbua vyake akaenda kula nyuma, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Neema hakunywa. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Ile hofu ya Mbezi ikanirudia, nami sijajua kwa nini. Nikamwambia aseme.

"Mzee, ule mlio haukuwa wa fenibelti. Ulikuwa nyuma ya kava ya taimingi. Ulipomwaga maji haukubadilika hata kidogo."

Kwa asiyejua: nyuma ya kava hiyo kuna mkanda wenye meno, belti ya taimingi, unaofungamanisha krenki na valvu ili kila kimoja kiende kwa wakati wake. Unapita juu ya puli ndogo yenye beringi. Beringi ikikauka inalia kwa sauti nyembamba, kisha inapata moto, kisha inaula mkanda. Mkanda ukikatika injini inazimika papo hapo. Na katika gari la aina ile, injini ikizimika, pampu inayozisaidia breki imezimika nayo. Unakanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa jiwe. Usukani nao unakuwa mzito. Sasa hilo likupate kwenye vilima vya Pugu, unateremka, nyuma yako kuna watoto wa miaka minne na mitano.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Sauti yangu ilitoka kali, maana mwenye hatia ndiye hubweka kwanza.

"Ulishasema, Mzee," alinijibu. "Mie ningesemaje tena? Nilimwangalia Kassim, naye akaniangalia. Wote tuliusikia."

Nilikaa kwenye tairi bovu. Watu wawili walisikia. Pengine Bakari naye alisikia, akaona haya kumwambia mzee kwamba maji yake hayakusaidia kitu. Tumelelewa na ule usemi wa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nilikuwa mkuu, na guu lililokuwa njiani kuvunjika halikuwa langu.

Nikampigia Bakari. Simu iliita mpaka ikakatika, mara tatu. Madereva wote waliopita mikononi mwangu nimewakanya wasipokee simu wakiendesha, na huyu alikuwa amekubali mafundisho. Neema akakimbilia ofisini kwa Bi. Salma kuomba namba ya mwalimu. Bi. Salma akatoka naye, akiuliza kuna nini, na wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakasimama. Nilikuwa nahesabu njia kichwani: Segerea, Gongo la Mboto, Pugu. Kama hawakukutana na foleni, sasa wameshaanza vilima. Kama walikutana nayo, bado wako tambarare. Nikawa naiombea foleni ya Gongo la Mboto iwe mbaya kuliko siku zote, mimi ambaye maisha yangu yote nimeilaani.

Mwalimu alipokea mara ya pili. Neema akamweleza haraka, kwa adabu, kwamba gari lina hitilafu, wasimame. Mwalimu akamwekea dereva simu kwa sauti ya wazi. Neema naye akabonyeza sauti ya wazi, tukawa tunasikia wote, watoto wanaimba nyuma. Wamepita Pugu, wanaanza vilima, akasema Bakari. Halafu akasema maneno ambayo Neema alilazimika kunisimulia baadaye, kwa kuwa nyimbo za watoto zilinichanganyia.

"We sista, gari hii Mzee Sikio kaipitisha mwenyewe asubuhi hii. Kasema nzima. Sasa nikusikilize wewe nimwache Mzee?"

Neema akajaribu tena. Bakari akamjibu kwamba watafika salama, asiwatie walimu presha. Neema hakubishana naye. Akaninyooshea simu tu.

Nikaishika. Bi. Salma ananitazama, Kassim amesimama na kitumbua mkononi, wateja wawili wamesogea. Kulikuwa na maneno mengi ambayo yangeweza kutunza heshima yangu. Ningeweza kusema tumepata wasiwasi, ningeweza kusema kuna kipuri tumekisahau. Lakini nilimfahamu Bakari: ukimpa sababu nyepesi atasema tutaangalia tukirudi.

"Bakari, ni mimi. Ule mlio sikuusikia. Masikio yangu yameharibika siku nyingi na nimewaficha. Nilipokwambia gari nzima nilikuwa nabahatisha. Simama hapo hapo ulipo, watoto washuke wote."

Halafu kwenye simu kukatoka kitu, sauti inapanda na kushuka, lakini maneno siyapati. Nikaibana simu sikioni. Sikupata hata neno. Basi limesimama au linateremka? Nikampa Neema simu na kumuuliza amesema nini, na nafikiri nilikuwa napiga kelele.

Neema akasikiliza. "Wamesimama," akasema. "Walimu wanashusha watoto."

Bi. Salma alituchukua kwa gari lake mwenyewe. Tuliwakuta kabla ya mteremko mkubwa, watoto wamekaa kwenye majani mbali na barabara wanakula maandazi yao, hawana habari na mtu. Bakari alinipa shikamoo bila kuniangalia usoni. Neema akafungua kava, mimi nikamshikia spana, na hilo nalisema kwa sababu lilikuwa ni jambo sahihi la kwanza nililofanya kwenye gari lile siku ile. Akatoa puli. Beringi ilikuwa imebadilika rangi kuwa ya zambarau kwa moto, ukiitikisa inacheza kama jino bovu. Mkanda ulikuwa umelika ukingo mzima, nyuzi zinaning'inia. Ungekatika siku ile? Sijui. Nikisema ulibakiza kilomita tano nitakuwa natia chumvi, na nimeshadanganya vya kutosha. Ulikuwa umelika, basi.

Watoto walirudishwa kwa gari jingine. Kabla hajapanda, yule mwalimu, mama wa makamo mwenye miwani, alinijia. Nilijiandaa kutukanwa na nilikuwa nayataka matusi hayo. Hakunitukana. Aliniuliza kwa utulivu kabisa, kama anayeuliza saa.

"Mzee, na muhula uliopita, uliposema tunaweza kwenda Bagamoyo, ulikuwa unasikia?"

Nilitafuta kumbukumbu ya siku hiyo na sikupata mlio wowote ndani yake, nikapata tu sauti yangu ikisema nendeni.

Hospitali walinifungia kwenye chumba kidogo, wakanivalisha visikilizio, muuguzi akaniambia atapima sauti nyembamba, ninyooshe mkono kila nikisikia kitu. Nilikaa mikono magotini muda mrefu hata nikafikiri hajawasha mashine yake. Nikamgeukia kumuuliza ataanza lini. Akaniambia anamalizia.

Nilistaafu wiki hiyohiyo. Bi. Salma alinisihi nibaki, hata kama ni kukaa kwenye kiti tu karibu na geti, watu wanione, maana wengi wanakuja kwa jina langu. Alikuwa na nia njema. Nilimwambia jina langu ndilo lililotaka kuua watoto wa watu, amweke Neema. Alinuna siku mbili, halafu akamweka. Nasikia pale sasa Kassim anatangulia, Neema anamalizia, na wateja wengine hawapendi kungoja.

Mnaniuliza, vijana, kustaafu kukoje. Wenzangu wanafuga kuku, wanaswali jamaa msikitini, wanalala mchana. Mimi nina kazi. Neema huja nyumbani Jumapili na daftari, na tunakumbuka gari baada ya gari, miaka ile miwili: nani alileta, alilalamikia nini, mimi nilisema nini. Kila lililokuwa na mlio mwembamba tunaliandika, kisha yeye anapiga simu. Mengi tumeyapata. Moja lilikuwa limeshakatika mkanda huko Chalinze, mwenyewe akanusurika, akacheka akisema ni ajali ya Mungu. Nilimwambia siyo ya Mungu, ni yangu. Mengine yalitengenezwa kwa bahati na mafundi wengine. Mama Rehema anasema nitajitafutia kifo kwa mawazo, nami namwambia ndiyo kwanza nimeanza kufanya kazi yangu.

Lakini yapo ambayo hatujayapata. Kuna gari dogo jeupe la dada mmoja muuguzi aliyekuwa anahamia Tanga, alikuja na mtoto mgongoni, akaniigizia mlio huku mtoto anacheka. Nilimwambia fenibelti. Kuna pikapu ya muuza mbao wa Kiwalani ambaye namba yake haipatikani tena na jirani zake hawajui alikohamia. Nikimfikiria huyo dada chakula hakipiti, kama zamani, ila sasa sina wa kumpigia simu Tanga kumuuliza kama amefika.

Kwa hiyo, wewe unayesoma haya, kama katika miaka yangu ya mwisho pale Kiwalani uliniletea gari linalopiga filimbi asubuhi, nikaweka bisibisi, nikafumba macho, nikakwambia ni zima, tafadhali lipeleke leo kwa fundi mwingine. Na akikuuliza Mzee Sikio alisema nini, usimwambie.